TAHADHARI: Yadi ya magari hapa Leicester iliyonilia siku zangu 30

Ndugu zangu mlioko Uingereza, naandika kwa hasira na, nikisema kweli, kwa aibu pia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonya wengine wasinunue magari kiholela. Mnajua hali yangu tangu nihamishiwe zamu ya usiku. Gari halikuwa anasa.

Nilifika Jumamosi saa mbili asubuhi, baridi ikiuma, na muuzaji, kijana wa kwetu pwani, akanipokea kwa "Shikamoo, mama" na kikombe cha chai ya tangawizi. Tulipolijaribu gari barabarani aliweka taarabu, akaongeza sauti, akasema, "Hili utawarithisha wanao." Mtu anayekuamkia kwa Kiswahili ugenini, tena anaujua hadi mtaa wenu, utaanzaje kumdhania ubaya? Nikatia sahihi mkopo wa miezi 48, nikatoa pauni 1,500 za mwanzo, nikaondoka nikimwombea dua. Dua, jamani!

Siku ya nne giaboksi lilianza kugonga kila nilipoliwasha likiwa baridi, na taa ya injini ikawaka. Nikampigia. "Mama, liendeshe tu, bado hamjazoeana." Wiki ya pili yuko safarini, ya tatu fundi wao anaumwa. Siku ya 33 shikamoo ikatoweka, akaniambia kwa ukavu kwamba muda wangu wa kulirudisha umekwisha.

Kumbe Sheria ya Haki za Wateja ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kurudisha gari bovu na kurejeshewa fedha zake, na yeye alikuwa akizihesabu wakati mimi namsubiri. Asichonieleza ni kwamba, katika mkopo kama wangu, ambao gari hubaki mali ya kampuni inayokukopesha mpaka umalize kulipa, kampuni hiyo ndiyo inayowajibika kwa ubovu. Ningeliiandikia siku ileile ya nne, yasingefika hapa. Hata hivyo haki haijafa: kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, labda wao wathibitishe vinginevyo, nao wana nafasi moja tu ya kulitengeneza, wakishindwa unalirudisha, ingawa wanaweza kukata kiasi kwa matumizi. Nimekwisha kuwaandikia. Wana wiki 8 za kunijibu, kisha nalipeleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, taasisi inayoamua migogoro ya wateja na kampuni za fedha, ambako mlalamikaji halipi kitu. Marejesho naendelea kulipa, kwani kuyasimamisha kungeniharibia rekodi yangu ya mikopo.

Dalili? Boneti lilikuwa la moto nilipofika, ilhali yadi ndiyo kwanza inafunguliwa. Taarabu nayo sasa naielewa. Muuzaji alimkataa fundi wangu, na ahadi zote zilikuwa za mdomo, hakuandika hata neno. Mtu kama huyu afungiwe biashara, ashtakiwe, arudishe hadi senti ya mwisho, na sisi tuache kumwekea kiti cha mbele kwenye harusi zetu.