PUBG Mobile: Prime ya Dola Moja au Kuspini Kwenye Iventi? Tupige Hesabu

Wadau, karibuni sana. Leo naingia moja kwa moja kwa sababu nina hasira, na hasira yangu ina hesabu ndani yake. Nimefungua PUBG Mobile hapa, lile gemu la kupigana risasi kwenye simu, mnaiona lobi, yaani ukurasa wa mwanzo, kwa nyuma, na sijagusa kitu bado. Tazameni vibango vinavyokuja. Nafunga hiki, kinakuja kingine. Spini mpya, yaani mchezo wa kulipa ujaribu bahati ya zawadi, kreti mpya, yaani boksi la bahati, vazi jipya, haraka muda unaisha. Mtu amekuja kucheza mechi moja kabla ya kulala, anakaribishwa na duka.

Wengi mmeniuliza kwenye komenti: nina hela kidogo ya kuweka UC, ile sarafu ya ndani ya gemu, nichukue usajili wa mwezi wa Prime, ule mkubwa wa Prime Plus, au nisubiri iventi nispini? Jibu nalitoa sasa hivi ili mwenye bando dogo asiteseke. Chukua Prime ile ndogo, na usiiguse spini ya UC 60. Mwenye bando la kutosha abaki, maana kuna kitu kwenye ukurasa wa spini nataka mkione kwa macho yenu.

Gemu lenyewe silielezi. Liko mikononi mwetu tangu Machi 2018, ramani mnazijua, bunduki mnazijua. Leo ni hela tu.

Prime ni dola 0.99 kwa mwezi. Kwa Tanzania piga kama shilingi 2,500, Kenya kama 130, kutegemea dola ya siku hiyo, na bado makato ya kadi na kodi. Ukishajiunga, kila siku unaingia, unagusa kitufe cha kupokea, unapata UC 5. Siku 30, UC 150. Sasa twende duka la kawaida la UC. Kifurushi kidogo kabisa ni dola 0.99 hiyohiyo, na unapata UC 60. Hela ni ileile, huku 60, kule 150. Hapo mimi sina ugomvi na mtu. Ni ofa nzuri na naipenda, nawaambia kabisa.

Prime Plus ni dola 9.99. Unapewa 300 papo hapo, halafu 20 kila siku, jumla kwa mwezi UC 900. Ukinunua kawaida kwa dola 9.99 ungepata 660, kwa hiyo nayo ina faida. Lakini ziwekeni mbili hizi pamoja. Kutoka Prime kwenda Prime Plus bei imepanda mara kumi, UC zimepanda mara sita tu. Sokoni tumezoea anayenunua gunia anauziwa nafuu kuliko anayenunua kwa kisado. Hapa ni kinyume, anayetoa nyingi ndiye anayepata kidogo kwa kila shilingi. Mimi Prime Plus siipendekezi, isipokuwa kwa mtu anayetaka zile 300 za haraka na ana uhakika atazitumia.

Halafu kuna sharti, na hili wengi mnalipuuza. UC za siku unazipata siku uliyoingia. Usipoingia, za siku hiyo huzipati. Kama wewe ni mtu wa wikendi, unaingia Jumamosi na Jumapili tu, mwezi mzima umeingia kama siku nane, umepata UC 40. Hapo ungenunua kile kifurushi cha 60 ukaendelea na maisha yako. Na mwanafunzi wa bweni ambaye simu inabaki nyumbani muhula mzima, Prime si yako, ndugu yangu. Subiri likizo.

Haya, sasa spini. Nasogeza kamera karibu, vumilieni mwanga.

Huu ndio ukurasa. Juu kuna vazi lenyewe linazunguka, linang'aa, na muziki wake. Chini vitufe viwili. Cha kushoto kimeandikwa 10. Hiyo ni spini ya kwanza ya siku, wanakupunguzia. Ukishaigusa hiyo moja, namba inageuka kuwa 60, mahali palepale, na kidole chako bado kipo juu yake! Wangeweza kukihamisha, au kukuuliza kwanza kama kweli unataka kuendelea kwa bei mara sita. Cha kulia ni 540, spini kumi kwa pamoja. Iventi nyingi za spini zimekaa kwa mpangilio huu, namba zinaweza kubadilika kidogo.

Leo sispini. Najua mnapenda video za kuspini, najua zinapata watazamaji wengi kuliko hii itakavyopata. Lakini nikispini hapa mtaangalia nimepata nini, hamtaangalia bei. Nataka muangalie bei.

UC 60 ni ile dola 0.99. Yaani spini moja ya kawaida, kitu cha sekunde tatu, ni sawa na Prime ya mwezi mzima. Rudia hiyo kichwani kabla hujagusa.

Sasa nitafutieni kwenye ukurasa huu bei ya vazi. Ya spini mmeshaiona, mimi nataka ya vazi lenyewe. Nashusha chini. Napandisha. Haipo, na haiwezi kuwepo, kwa sababu vazi haliuzwi, inauzwa nafasi ya kulipata. Hiki ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Prime imeniambia bei yake mlangoni: toa hiki, pata hiki. Iventi imeniambia bei ya kujaribu.

Pembeni kuna alama ndogo, iguseni kila mara. Inafungua sheria na uwezekano wa kila zawadi kutoka. Wameandika, na kwa hilo nawapa haki yao. Tatizo ni namna tunavyozisoma. Chukulia vazi lina asilimia 1. Kijana anasema: asilimia 1, basi nikispini mara 100 nimelipata. Hapana! Kila spini inaanza upya, haijui umeshaspini ngapi. Chukua watu 100, kila mmoja aspini mara 100, watu kama 37 wataondoka bila vazi. Zaidi ya theluthi moja.

Na hizo spini 100 zinagharimu kiasi gani? Kumi kumi kwa 540, ni UC 5,400. Ili uzipate unachukua kifurushi cha 3,850 kwa dola 49.99 na cha 1,800 kwa dola 24.99. Karibu dola 75. Kwa Tanzania hiyo ni laki na themanini na kitu, pengine kodi ya chumba chako ya miezi kadhaa. Ukitaka kuzikusanya kwa Prime, UC 150 kwa mwezi, ni miezi 36. Miaka mitatu ya kuingia kila siku bila kukosa, na iventi yenyewe inafungwa baada ya wiki chache. Kwa Prime Plus ni miezi sita.

Bado hamjaona ujanja wa chenji. Spini kumi ni 540. Vifurushi vipo 325, vipo 660. Cha 325 hakitoshi. Unachukua 660, unaspini kumi, zinabaki 120, ambazo ni spini mbili za mojamoja. Zinakukodolea macho pale juu. Nani anaziacha?

Kuna iventi zenye mita ya bahati, kila spini inaijaza, ikijaa unapewa kitu cha uhakika. Hizo angalau zina kikomo, unaweza kupiga hesabu ya juu kabisa kabla ya kuanza. Ila soma sheria uone kama mita inabaki au inafutwa iventi ikiisha.

Tangazo la chaneli kidogo. Ile mechi yetu ya skwadi tunaihamishia Jumamosi jioni, mara baada ya Magharibi, kwa sababu wadau wa Mombasa na wa Muscat walilalamika saa ya zamani haiwafai. Sajilini skwadi zenu kwenye komenti ya juu kabisa, ni bure. Na naombeni msipeane nywila humo. Mtu anayekuambia atakuwekea UC kwa nusu bei ukimpa nywila ya akaunti, huyo anaitaka akaunti.

Turudi. Mtaniambia magemu yote ndivyo yalivyo. Si kweli kabisa. Aprili 2020 gemu la Fortnite walimleta mwanamuziki Travis Scott ndani ya gemu, tamasha zima, bure, na zaidi ya watu milioni 12 walikuwa ndani kwa wakati mmoja. Iventi ilikuwa ya kila mtu, hela wakatafuta kwenye skini, yaani mavazi ya mchezaji, zenye bei iliyoandikwa. Na kwa miaka mingi pasi yao ya msimu, unayolipia ili ufungue zawadi kadiri unavyocheza, ilikuwa V-Bucks 950, sarafu ya gemu lao, ukiimaliza yote unakuwa umerudishiwa 1,500. Unanunua mara moja, ukicheza kwa bidii unajilipia zinazofuata. Hilo ndilo ninalotamani kuliona kila mahali. Sisemi Epic, wenye Fortnite, ni malaika, maana Desemba 2022 walikubaliana na serikali ya Marekani kulipa dola milioni 245 kuwarudishia wachezaji, kwa ajili ya vitufe vilivyowafanya watu, wakiwemo watoto, wanunue vitu wasivyokusudia. Vitufe, wadau! Kwa hiyo nikisema kile cha 10 kinachogeuka 60 palepale kinanitia wasiwasi, sina wazimu.

Na Agosti 2019 gemu la Apex Legends walileta iventi ya Iron Crown, skini nzuri zote zimefungiwa kwenye kreti za bahati, karibu dola 7 kila moja. Wachezaji waliwaka moto. Ndani ya siku chache Respawn, watengenezaji wake, wakarudi wakaomba radhi, wakaruhusu zile skini zinunuliwe moja kwa moja kwa dola 18. Dola 18 kwa skini bado ni ghali mno kwangu, lakini ni bei. Naiona, naikataa, nalala vizuri. Ubelgiji walifika mbali zaidi, mwaka 2018 walisema kreti za bahati za kulipia ni kamari, na kampuni ya EA wakaacha kuuza huko pointi za gemu lao la mpira la FIFA.

Madaraja ya malipo nayo si ya juzi. Mwaka 2002 gemu la mtandaoni la EverQuest walifungua seva ya peke yake kwa dola 39.95 kwa mwezi, zaidi ya mara tatu ya ada ya kawaida, na waliolipa walipata matukio yaliyoendeshwa na watu wa kampuni wenyewe. Mnaona? Iventi maalumu kwa wenye nacho, zaidi ya miaka 20 iliyopita. Lakini hata hao walijua mwezi utawagharimu ngapi. Ubaya wa usajili ni mwingine, bei hupanda ukishazoea. Oktoba 2025 Game Pass Ultimate, usajili wa magemu wa Xbox, ilitoka dola 19.99 ikafika 29.99 kwa mkupuo mmoja. Prime yetu ikifika huko nitairekodia video nyingine.

Sasa kwa anayependa kuspini na hawezi kuacha, nina njia. UC 5 za Prime kwa siku mbili ni 10, na 10 ndiyo bei ya spini ya punguzo. Kwa hiyo siku moja unapokea, siku ya pili unapokea na unaspini moja tu, unafunga ukurasa. Mwezi mzima umespini mara 15 kwa dola 0.99. Kwa bei ya kawaida dola hiyo ni spini moja. Sikuahidi vazi, uwezekano ni uleule, lakini angalau unajua mwezi huu umetoa nini. Ukinyamaza usispini kabisa, UC zinajikusanya kwa ajili ya pasi ya msimu, na hiyo kwa maoni yangu ndiyo matumizi bora kuliko yote, kwa sababu zawadi zake unaziona zote kwenye orodha kabla hujalipa.

Kabla sijafunga, wenye Android fuataneni nami hapa. Usajili unajirudia wenyewe kila mwezi. Kufuta gemu kwenye simu hakuufuti usajili, hela itaendelea kukatwa. Fungua Play Store, gusa picha yako pale juu, ingia Malipo na usajili, kisha Usajili, chagua PUBG Mobile, ghairi. Ukighairi leo, mwezi uliolipia unaendelea mpaka uishe. Na kama simu inachezewa na mdogo wako au mwanao, ingia kwenye mipangilio ya Play Store uweke uthibitisho kwa kila ununuzi. Kadi ya M-Pesa ya mtandaoni iliyounganishwa humo isiwe wazi, iwekee kiasi cha matumizi ya mwezi huo tu. Mtoto wa miaka kumi hawezi kushindana na ukurasa ule wa spini, umetengenezwa na watu wazima wanaojua kazi yao.

Mwenye Prime aniandikie hapa chini mwezi uliopita alikosa siku ngapi na alibaki na UC ngapi, nataka kuona hesabu zenu halisi. Jumatano nitakuja na uanachama wa wiki na wa mwezi wa gemu la Free Fire, kwa kipimo hikihiki, na skwadi tukutane Jumamosi.