Regyuleta za LM2940T na LM2940CT: ipi nimeifunga kwenye bajaji za Dodoma

Natengeneza vifaa vidogo vya kufuatilia bajaji, meza yangu iko karibu na soko la Majengo. Malalamiko ya wateja ni yale yale: "Fundi, kimezima." Ukifungua, mara nyingi iliyokufa ni 7805, ile regyuleta (kipande kinachoshusha umeme na kuutuliza) ya volti 5 inayopatikana kila duka la vipuri vya redio.

7805 si mbovu. Iweke mezani kwenye adapta, itakuzika wewe. Shida ni umeme wa chombo cha moto. Injini inachaji, waya wa betri unalegea (na kwa matuta yetu utalegea tu), volti zinaruka ghafla kupita kiasi. Kikomo cha 7805 ni volti 35.

Nikaagiza LM2940, regyuleta nyingine ya kazi hiyo hiyo. Miguu imepangwa vile vile, kwa hiyo ubao haubadiliki. Imebuniwa kwa kufikiria magari: volti zikizidi inajizima yenyewe, na mtu akigeuza nyaya za betri haiungui. Kwa mafundi wetu wa barabarani, hilo la pili pekee linalipa.

Mzigo ulishushwa na basi kutoka Dar, muuzaji kaandika "ya magari". Kusoma mgongoni: LM2940CT. Hiyo C si pambo. Kwa datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji), LM2940T huvumilia mshtuko wa volti 60 kwa milisekunde 100. CT ni volti 45 kwa milisekunde 1. T inaanzia nyuzi 40 chini ya sifuri, CT inaanzia sifuri, ila baridi hiyo Dodoma tutaitoa wapi? Nilicholipia mimi ni zile volti. Nilipomtumia muuzaji picha alibadilisha bila maneno, hapo nampongeza.

T nayo ina masharti. Inataka kapasita (kipande kinachotunza chaji) ya mikrofaradi 22 kwenye mguu wa kutokea, tena karibu kabisa, la sivyo volti zinayumba. Na joto iko pale pale: ikiingia volti 14 na kutoka 5 kwa ampia 1, wati 9 zinageuka moto. Kifaa changu kinakula kidogo. Chaja ya simu nisingeifunga hivi.

Tena msidanganyike: kubuniwa kwa magari si sawa na kufaulu AEC-Q100, majaribio rasmi ya aisii (chipu) za magari. Huko jaribio moja tu huchukua aisii 77 kutoka kila fungu la kiwandani, mafungu matatu, na kuziweka kwenye joto kali saa 1,000 zikiwa zinafanya kazi. Kampuni ya Texas Instruments zilizofaulu huziandika -Q1 mwishoni mwa jina, na bei inapanda. Kwa bajaji sifiki huko. Naweka T mlangoni pa umeme na kapasita zinazovumilia joto la nyuzi 105 badala ya 85. Rezista na taa za LED nanunua za kawaida kabisa.

LM2940T: nyota nne. CT ukiuziwa kwa bei ya T: nyota moja.