Unga wa ubuyu na mafuta yake: kipi tunywe, kipi tupake

Karibuni tena wapendwa. Leo mezani nina vitu viwili vya tunda moja la mbuyu: unga wa ubuyu nusu kilo, umetoka Dodoma, na chupa ndogo ya mafuta ya mbegu zake. Wengi mmeniuliza kama vinatibu.

Tuanze na unga. Nausogeza karibu muone: mweupe wa maziwa, kwa mbali una unjano. Ukiukuta umegeuka kahawia, uache, umekaa sana au umepata unyevu. Naufikicha, hauna mchanga. Hivi vijinyuzi vyekundu ni vya tunda lenyewe, visikutishe. Sasa nakoroga kijiko kwenye maji baridi. Mnaona unavyokuwa mzito? Hiyo ni pektini, aina ya nyuzinyuzi inayoyafanya maji yawe mazito. Karibu nusu ya uzito wa unga huu ni nyuzinyuzi, na tumbo linalosumbuliwa na choo kigumu litashukuru.

Vitamini C inatofautiana sana mti na mti. Vipimo vingi viko kati ya miligramu 150 na 500 kwa gramu 100. Ndiyo maana naumia nikiona ubuyu unatokota jikoni kutwa nzima: moto unaimaliza. Uji ukishapoa kiasi cha kunyweka, ndipo utie kijiko chako.

Na ule ukakasi unaobaki ulimini ni prosianidini, jamii ya polifenoli, yaani kemikali za asili za mimea. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, waliwapa watu mkate mweupe pamoja na kinywaji cha ubuyu, na sukari ya damu ikapanda kidogo kuliko walipokula mkate bila ubuyu. Inatia moyo. Lakini ndugu yangu mwenye kisukari, nakusihi, usiache dawa zako kwa ajili ya kijiko cha ubuyu.

Haya, mafuta. Mbegu zinabaki unga ukishachekechwa, na kuzikamua badala ya kuzitupa ni jambo jema kabisa. Linaloniudhi ni maandishi ya chupa hii: "hutibu presha, kisukari, vidonda vya tumbo, kunywa kijiko asubuhi na jioni." Jamani! Mafuta ya ubuyu yasiyosafishwa yana asidi za saiklopropeni, aina ya asidi za mafuta, ambazo huzuia kimeng'enya ambacho mwili unakitumia kutengeneza mafuta yake. Maabarani, samaki aina ya trauti waliolishwa asidi hizo pamoja na sumukuvu walipata saratani ya ini zaidi kuliko waliokula sumukuvu peke yake. Sisi si samaki, ila sumukuvu tunaijua, iko kwenye mahindi na karanga zetu. Joto kali la kiwandani huzipunguza asidi hizo, lakini hii chupa inajisifia kuwa imekamuliwa bila moto. Na Umoja wa Ulaya ulipoupokea ubuyu kama chakula mwaka 2008, uliruhusu unga wa tunda, si mafuta.

Kwa ngozi, sina neno baya. Nimepaka hapa kwenye kiwiko mkiangalia, yameingia haraka, hayanati, harufu ni ndogo sana. Visigino vilivyopasuka, nywele kavu, tumia kwa raha.

Kwa hiyo unga nunua, uufunge kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Chupa hii iweke kwenye meza ya kujipambia, mbali na jikoni, watoto wasije wakadhani ni ya kunywa.