Rusinga na Mfangano kutoka Kisumu: pakeji ilinichosha, boti ya abiria ikaniokoa

Nyota mbili kwa pakeji ya kutembezwa visiwa vya Ziwa Victoria, nne na nusu kwa boti ya abiria, ile nusu iliyopungua ni ya mbuzi, ntaeleza.

Mwaka wa tatu huu naishi Kisumu, kazi ndo imenileta, kwetu Tanga. Ziwa nilikuwa naliona tu nikienda Dunga kula samaki basi, na sisi watu wa pwani tuna dharau zetu nakiri, maji yasiyo na chumvi tunayaona kisima kikubwa. Alafu ukiangalia hapo Kisumu mara nyingi unachokiona ni magugumaji yametanda kijani kama shamba la mtu. Jirani yangu akanicheka, akaniambia shemeji (ananiita shemeji sababu mke wangu Mluo) wewe hujaona ziwa bado, enda Mbita, ule mji wa kuingilia visiwani.

Basi mwezi uliopita nikalipia pakeji kwa jamaa mmoja kwa simu, elfu tisa, boti yetu wenyewe, mtu wa kutuongoza, visiwa vitatu. Jumamosi alfajiri nikapanda matatu ya Luanda Kotieno, inapitia Kisian, mkifika Ndori mnaiacha barabara ya Bondo mnakata kushoto kuelekea ziwani, na pale feri inabeba magari na watu kwenda Mbita karibu saa nzima. Hiyo feri peke yake ni starehe, kaa juu upande wenye kivuli, utaona maji yanabadilika rangi kadiri mnavyotoka kwenye ghuba, yale ya udongo udongo yanabaki nyuma. Hapo dharau ikaanza kupungua.

Saa nne niko Mbita, kiongozi hayupo. Nampigia, "niko njiani bro". Saa tano, njiani. Nikachoka nikachukua piki nikavuka daraja nikaingia Rusinga mwenyewe. Yule kijana wa piki akanieleza zamani hapo palikuwa na tuta la mawe tu limeziba, maji hayapiti upande huu na ule, ndo wakaja kujenga daraja maji yakafunguka. Akanipeleka Kamasengre kwenye kaburi la Tom Mboya, yule mwanasiasa wa Kenya, jengo lenyewe limejengwa kwa umbo la risasi, na huyu mtu aliuawa kwa risasi Nairobi Julai 1969 akiwa na miaka 38 tu. Nilisimama pale kimya nikasahau hata hasira za pakeji. Kisiwa hichohicho ndipo Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, jamii ya sokwe wa kale wa miaka kama milioni 18 iliyopita, lakini usitegemee kuona kitu kikubwa cha kukuonyesha, ni vilima vya mawe na mbuzi wanakula zao.

Kiongozi akatokea saa saba mchana. Saa saba! Mtu yeyote wa majini anajua mchana upepo wa ziwa ushaamka, na kweli tulirushwa vibaya, abiria sita life jacket tatu, nikauliza zingine ziko wapi nikaambiwa ziko kwa boti nyingine. Kisiwa cha ndege tukaonyeshwa kwa kidole, "hicho hapo, pigeni picha". Kisiwa cha Takawiri sawa, sitasema uongo, pale pazuri, mchanga mweupe kabisa na miti jamii ya mnazi, mimi mzima nikainua macho kutafuta dafu, sikuona hata moja. Nikaoga. Cha tatu hatukufika, eti mafuta yamepanda bei tuongeze pesa. Nikasema sitoi hata shilingi, turudini.

Ila usiku huohuo kilichonifanya nisirudi Kisumu kwa hasira ni taa. Ilikuwa giza, hakuna mwezi, na omena (dagaa wa huku) wanavuliwa hivo, taa inawekwa juu ya maji wanaifuata. Nilitoka nje ya lojing nikadhani naona mji ng'ambo, kumbe ni ziwa lenyewe, taa mamia zinacheza. Kwetu dagaa tunawavua vilevile kwa taa lakini sijawahi kuona nyingi namna hii. Ukipanga safari angalia kalenda ya mwezi kwanza, mwezi mpevu hutaona kitu.

Jumapili nikaachana na pakeji nikaenda gatini asubuhi nikapanda boti ya abiria ya Mfangano kama mtu wa kawaida. Boti ya mbao imepakwa rangi za kila aina, ndani kuna magodoro, kreti za soda, mabati, mama na beseni lake, na mbuzi mmoja aliyeamua kuegemea begi langu na kulitafuna mkanda. Life jacket kila mtu alivaa, maana kijana wa boti alikataa kuwasha injini mpaka mzee mmoja mbishi avae ya kwake. Yule mama akanisikia nikiongea akauliza, "Wewe si wa huku, hiyo Kiswahili imetoka wapi?" Nikamwambia Tanga. Akacheka, akasema mimi nawaita samaki majina ya Mwanza, sangara huku ni mbuta, sato ni ngege, dagaa ni omena, rudia. Nikarudia boti nzima ikinisahihisha. Njiani tukapishana na mitumbwi ya tanga, yale ya pembetatu kabisa kama majahazi ya kwetu, roho ikanitoka kidogo.

Mfangano ndo kisiwa sasa. Mlima unaanza pale maji yanapoishia, kijani mpaka juu. Tafuta mwenyeji akupeleke kwenye michoro ya mawe ya Kwitone au Mawanga, mizunguko ndani ya mizunguko, nyekundu na nyeupe, inasemekana ni kazi ya Watwa, wawindaji wa zamani walioishi pale kabla ya Wasuba ambao ndo wenyeji wa sasa, na wazee waliitunza kwa sababu ya mambo ya mvua. Usiiguse. Kupanda kunatoa jasho, mimi nilipumzika mara nne nikisingizia kupiga picha, na ukigeuka nyuma unaona Takawiri na Rusinga zimelala chini yako na maji mengine yote hadi macho yanaishiwa.

Mambo madogo: beba pesa taslimu, wadudu wa ziwani wakitoka jioni funga mdomo na zima taa ya chumba, na uliza boti ya mwisho ya kurudi inaondoka saa ngapi kabla hujaanza kupanda mlima, sio baada.

Na kuhusu kuoga Takawiri, najua, msinianze, mke wangu ashanisema vya kutosha. Hili ziwa lina kichocho, nshaambiwa nisubiri wiki kadhaa ndo niende kupima, siku nimeiandika kwenye friji.