Miaka minne ya uhandisi wa vifaa tiba: kozi nzuri, ufundishaji wa vipande vipande

Nimemaliza shahada ya uhandisi wa vifaa tiba kwenye chuo kimoja cha Dar es Salaam, na kila dirisha la udahili likifunguliwa simu yangu inajaa meseji zilezile: kaka, hiyo kozi ikoje, ngumu, ina ajira? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Jibu la haraka ni kwamba kozi ni nzuri kuliko inavyofundishwa. Kwa nyota, kozi yenyewe ningeipa nne na nusu. Ufundishaji ningeupa mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya fundi wa maabara peke yake.

Tuelewane kwanza, maana mama yangu mdogo aliamini nasomea udaktari mpaka siku ya mahafali. Mhandisi wa vifaa tiba hatibu mtu. Anashughulika na mashine zinazotumika kutibu: mashine ya kupima umeme wa moyo, ya kuzalisha oksijeni, kitanda cha joto cha watoto wachanga, otoklevu ya kutakasia vifaa vya upasuaji, eksirei, ultrasaundi. Anazichagua, anazifunga, anazipima kama zinasema kweli, anazitengeneza, na akibahatika anabuni yake. Kwa hiyo lazima ajue mwili na ajue saketi, vyote viwili, na hapo ndipo chuo kilipotuchanganya.

Mwaka wa kwanza na wa pili unagawanywa kama nyama ya posa. Anatomia na fiziolojia tulikaa ukumbi mmoja na wanafunzi wa udaktari, tukifundishwa na daktari aliyekuwa akiongea nao wao. Sisi tuliotoka PCM (fizikia, kemia na hisabati) tulikariri mifupa 206 bila kujua itatusaidia wapi, huku wenzetu wa PCB, waliosoma baiolojia badala ya hisabati, wakitucheka. Zamu yao ikaja kwenye elektroniki na mabadiliko ya Fourier, hesabu ya kuvunja wimbi moja kuwa mawimbi rahisi, na hakuna aliyebaki anacheka. Huko mwalimu alikuwa mhandisi wa umeme aliyefundisha amplifaya kana kwamba wote tunakwenda kufungua kituo cha redio. Wote wawili walijua vitu vyao, sitawasingizia. Tatizo ni kwamba kwa miaka miwili mizima hakuna aliyesimama mbele yetu akatuambia kwamba moyo wa yule na amplifaya ya huyu vinakutana kwenye mashine moja.

Aliyetuambia ni fundi wa maabara. Mzee wa makamo, hana PhD, hajaandika makala, na kwenye ratiba ya somo jina lake halimo. Siku ya zoezi la kupima umeme wa moyo tulifunga saketi kwenye bredibodi, ubao wa kujaribia saketi, kama mwongozo ulivyosema, tukambandika mwenzetu elektrodi mikononi na mguuni, tukawasha osiloskopu. Hakukuwa na moyo wowote pale. Kioo kizima kilijaa mawimbi manene ya hertzi 50, yaani umeme wa TANESCO ulioingia mwilini mwa mwenzetu kupitia hewani, kutoka kwenye nyaya za ukutani na taa za juu. Wengi walishaanza kuchora jibu la kwenye kitabu ili wakusanye ripoti waondoke.

Mzee akasema, "Wanangu, msichore uongo. Zimeni hizo taa za tyubu kwanza." Tukazima. Mawimbi yakapungua kidogo. Akachukua nyaya mbili za mikono akazisokota pamoja, yakapungua tena. Kisha akatuuliza swali ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kutuuliza: umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi ni kama milivolti moja tu, huu wa ukutani ni mkubwa kuliko huo, sasa mashine ya hospitali inautenganishaje? Kimya. Akaeleza kwamba umeme wa ukutani unafika mkono wa kulia na wa kushoto kwa kiasi karibu sawa, lakini ule wa moyo unatofautiana kati ya mikono hiyo. Ukiwa na amplifaya inayokuza tofauti peke yake, kinacholingana pande zote mbili kinajifuta. Na hicho kinacholingana unakigeuza juu chini na kukirudisha mwilini kupitia waya wa mguu wa kulia, kikazimane na kile kinachoingia. Akaongeza rezista na chipu moja, akaunganisha waya wa mguu, na pale kwenye kioo likatokea pigo la moyo, kilele chake kikali na kilima kidogo nyuma yake. Mwenzetu aliyekuwa amefungwa waya alishangilia kuliko wote, na mapigo yake yakaongezeka kasi palepale tukiyaona.

Anatomia ya mwaka wa kwanza na elektroniki ya mwaka wa pili zilieleweka jioni ile. Ningeomba chuo kimpe yule mzee vipindi viwili kwa wiki na kipunguze slaidi.

Kuhusu slaidi sitasema mengi. Kuna mhadhiri alizisoma neno kwa neno, mwaka hadi mwaka, na desa la kaka zetu waliotutangulia lilifanana nazo hadi makosa ya tahajia. Ukilisoma desa hilo usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, unafaulu, kisha wiki mbili baadaye hukumbuki kitu. Waliopata sapu, yaani kurudia mtihani, kwenye somo lile walikuwa wale waliojaribu kuelewa.

Maabara nayo ina kisa chake. Vifaa havikosekani kabisa, ila osiloskopu moja inazungukwa na kundi kubwa, wa mbele wanashika, wa nyuma wananakili. Halafu kuna mashine nzuri za msaada zimefunikwa nailoni na kuandikwa usiguse. Mwanafunzi wa uhandisi akikatazwa kugusa, ataharibia wapi kama si chuoni? Akaharibie wodini?

Lakini haki itendeke: mwaka wa tatu tulipata mhadhiri kijana aliyenifanya nisijute kuijaza kozi hii kama chaguo la kwanza. Alifundisha kile kikifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni ya damu. Watu wengi walikifahamu wakati wa Uviko, wachache wanajua kinavyofanya kazi. Ndani kina taa mbili, moja nyekundu ya nanomita 660 hivi na nyingine ya infraredi ya nanomita 940 hivi. Damu yenye oksijeni hupitisha nyekundu zaidi na kunyonya infraredi zaidi, na isiyo na oksijeni hufanya kinyume. Kifaa kinalinganisha mwanga unaopita mshipa unapojaa na unapopungua, kinapata uwiano, kisha kinautafsiri kwa jedwali. "Sasa niambieni," akasema, "hilo jedwali limetoka wapi?" Limetoka kwa watu wenye afya waliojitolea, wakapunguziwa oksijeni kidogo kidogo huku damu yao ikipimwa maabara.

Halafu akatupa utafiti wa Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliotoka mwaka 2020. Waligundua kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilikosa kuona upungufu hatari wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Darasa zima la Dar es Salaam likatazama vidole vyake. Tulibishana mpaka wenye kipindi kilichofuata wakaja kututoa. Mmoja akataka kujua kama hospitali zetu zinajua, mwingine akasema basi tukitengeneza chetu tukipimie watu wetu, wa tatu akauliza nani atatoa ruhusa ya kuwapunguzia watu oksijeni. Mtihani wake haukuuliza utaje faida tano. Ulikupa namba za mwanga na mgonjwa, ukaamua kama unaiamini mashine au la.

Mafunzo kwa vitendo nilifanya hospitali ya mkoa fulani wa pwani. Chuoni tulisomeshwa kwamba mwaka 2011 Perry na Malkin walikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba kwenye nchi zenye kipato kidogo havifanyi kazi. Nilipofunguliwa stoo ya hospitali ile niliona maana yake: mashine zimepandana hadi kwenye dirisha, nyingine za msaada zenye plagi za Marekani za volti 120 ambazo mtu alizichomeka kwenye 230 yetu, zikaungua siku ya kwanza. Aliyenifundisha pale ni fundi sanifu mwenye diploma. Mie mwenye hesabu za tensa nilikuwa nashika tochi.

Siku moja sista wa wodi ya watoto alituita. "Mwanangu, hii mashine mnasema nzima, mbona oksijeni ya watoto haipandi?" Ilikuwa mashine ya kuzalisha oksijeni. Inawaka, inanguruma, na kale kagololi kwenye kipimo cha mtiririko kamesimama vizuri kwenye lita 5. Yeyote angesema nzima. Fundi akachukua kipimo cha oksijeni, kidude anachokifungia kabatini kwa ufunguo wake, akakichomeka kwenye bomba. Kikasoma sitini na kitu. Mashine nzima hutoa kama asilimia 93, na Shirika la Afya Duniani halitaki ishuke chini ya 82. Gololi inaonyesha tu kwamba kitu kinapita. Hewa hii tunayovuta, yenye oksijeni asilimia 21, ingekainua vilevile.

Tukaifungua. Ndani kuna mitungi miwili ya punje za zeolaiti zinazokamata naitrojeni hewa inapopitishwa kwa shinikizo, mmoja ukifanya kazi mwenzake unajisafisha. Kichujio cha kuingizia hewa kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo, na unyevu wa pwani ulishazichosha punje. Kichujio tulikisafisha, namba ikapanda kidogo, haikutosha. Mashine ikatolewa wodini na sista akapewa nyingine iliyopimwa mbele yake. Sikumbuki kusikia neno kichujio kwenye mihadhara yangu yote ya vifaa tiba, ila zeolaiti tuliichorea muundo wake wa kemia.

Msimamizi kutoka chuoni alifika mara moja. Alisaini kitabu cha kumbukumbu, akapiga picha na mimi mbele ya geti, akaniuliza kama nina changamoto yoyote, na kabla sijamaliza kujibu dereva alishawasha gari.

Mradi wa mwaka wa nne ndio unaokula bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi. Vipuri tulinunua Kariakoo, vingine tukaagiza China na kuomba Mungu vifike kabla ya uwasilishaji. Kila mwaka nusu ya darasa inatengeneza kitu kilekile, Arduino (kikompyuta kidogo cha kujaribia miradi) na sensa inayotuma mapigo ya moyo kwenye simu, kwa sababu jopo linataka kitu kipya na kinachowaka, wala haliulizi kama namba zake ni za kweli. Kundi moja lilitaka kutengeneza kipimo rahisi cha kukagua mashine za oksijeni wodini. Wakaambiwa si ubunifu, hicho kipo tayari. Kipo, ndiyo, kabatini mwa fundi mmoja kwa ufunguo. Hili linaniudhi mpaka leo.

Ajira: zipo, ila si nyingi kama mabango yanavyodai. Serikali hutangaza nafasi za mhandisi na fundi sanifu wa vifaa tiba kwenye mfumo wa Ajira, kwa vipindi. Kampuni binafsi nyingi zinauza na kufunga mashine, kwa hiyo jiandae kuwa nusu mhandisi nusu muuzaji. Ukishahitimu jisajili mapema Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, usisubiri upate kazi kwanza. Kompyuta nunua yenye nguvu ya kuendesha programu za kuchora; kwa hesabu, Octave ni ya bure na inatosha hata kama mwalimu anataja MATLAB tu.

Kwa wadogo zangu mnaochagua chuo sasa hivi: msidanganyike na picha za majengo. Nenda siku ya kazi, mwambie mlinzi unataka kuona maabara ya vifaa tiba, na ukifika msalimie fundi kabla ya mkuu wa idara. Muulize mashine ipi ilifunguliwa na wanafunzi muhula huu. Akikutajia na kukuonyesha skrubu zake, jaza fomu. Akikuonyesha nailoni, linganisha na chuo kingine kwanza. Na uliza pia mafunzo kwa vitendo yanasimamiwa na nani huko hospitali, maana msimamizi wangu kutoka chuoni alifika mara moja tu.