Alinielekezea mtutu, na cheti akapewa

Nyota tatu kati ya tano. Ndizo nilizopanga kutoa, maana siku ya kwanza ya mafunzo haya ya leseni ya kubeba bastola ilikuwa nzuri kweli na sitaki kumdhulumu mtu haki yake. Lakini kila nikiikumbuka siku ya pili damu inanichemka, kwa hiyo mnivumilie, hizo nyota tutajua huko mbele zimebaki ngapi.

Nawaandikia hasa wenzangu tunaoishi Illinois, Marekani: wauguzi wa zamu ya usiku, wanaotunza wazee, madereva wa malori, nyinyi mnaoniuliza kila mara leseni ya kubeba bastola iliyofichwa inapatikanaje na wapi pa kusomea. Mimi hutoka kazini usiku wa manane na gari naliacha maegesho ya mbali, yenye taa moja inayowaka na nyingine zimekufa. Mwenzetu mmoja aliporwa hapo hapo. Mjadala wa kama mwanamke anahitaji bastola au hahitaji tulishaumaliza nyumbani kwangu, sitaki kuurudia hapa.

Illinois inataka saa 16 za mafunzo, na ndani yake kuna sehemu ya kupiga risasi za kweli. Siku ya kwanza ni darasa. Mwalimu wetu alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alitupitisha kwenye sheria moja moja: bastola haipandi basi wala treni ya mjini, haiingii shule, hospitali, maktaba, wala baa ambayo zaidi ya nusu ya mauzo yake ni pombe. Kwa sisi wa hospitalini hilo la hospitali ndilo kubwa, kwa sababu maana yake silaha inabaki garini, imefungiwa, isionekane na mpita njia. Nilimuuliza maswali mengi na lafudhi yangu hii, na hakuna hata mara moja alipokunja uso. Pale ambapo sikuelewa alirudia taratibu, bila kunipigia kelele kana kwamba mimi ni kiziwi. Anayeishi ugenini anajua hilo lina uzito gani.

Halafu akatupa kanuni nne, akatutaka tuziseme kwa sauti, watu wazima na ndevu zetu na vitambaa vyetu kichwani. Kila bastola ichukulie kuwa ina risasi. Mtutu usiuelekeze kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiangamiza. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Tulizisema mpaka zikakaa. Kama ningetoa nyota jioni ile ningetoa tano, na ya sita ningeitafuta.

Siku ya pili tukakutana na mkufunzi mwingine.

Uwanja wenyewe uko ndani ya jengo. Vibanda vimepangana, katikati ya kimoja na kingine kuna ukuta mwembamba unaofika begani. Unavaa miwani na viziba masikio, na hata hivyo kila mlio unausikia kifuani. Mtihani ni risasi 30: 10 kutoka yadi 5, 10 kutoka yadi 7, 10 kutoka yadi 10. Unapiga karatasi yenye umbo jeusi la mtu, na asilimia 70, yaani risasi 21, lazima ziguse. Kwa aliyefundishwa vizuri si mlima. Yadi 5 ni kama kutoka sebuleni hadi jikoni.

Kibanda cha kushoto kwangu alikuwepo bwana mmoja, mtu wa makamo, jasho linamtoka. Tulipofika yadi 7 bastola yake ya kukodi ikakwama. Ganda la risasi iliyopigwa lilikuwa limesimama wima, limebanwa pale juu panapotolewa maganda. Jambo hili linatokea, na jana yake tulifundishwa la kufanya: mtutu ubaki kwenye shabaha, kidole nje, nyanyua mkono mwingine, subiri. Yule bwana hakusubiri. Alirudi nyuma, akatoka kwenye kibanda na bastola mkononi, akageuka akitafuta wa kumsaidia. Mtutu ukapita tumboni kwangu, ukapanda, ukasimama kifuani. Kidole chake kilikuwa ndani. Nilikiona kidole, niliona kucha yake, na niliona tundu.

Nilipiga kelele. Nani atakusikia, kila mtu kaziba masikio?

Na mkufunzi? Kaegemea ukuta karibu na mlango, anachezea simu. Sisemi alikuwa anapokea simu ya dharura, hapana, kidole gumba kilikuwa kinapandisha na kushusha picha. Aliyeniokoa ni kijana wa pale uwanjani, kazi yake kufagia maganda. Aliutupa ufagio, akaukamata mkono wa yule bwana na kuusukumia upande wa shabaha. Mungu ambariki popote alipo. Ndipo mkufunzi akaja, akalitoa ganda kwa mwendo mmoja wa mkono, akamrudishia bastola na kumwambia aendelee.

Aendelee!

Najua wapo watakaoniambia bastola iliyokwama namna ile haifyatuki. Kanuni ya kwanza inasemaje? Na kama haifyatuki, kwa nini kijana wa ufagio alikimbia?

Tulipomaliza, mkufunzi alizipitia karatasi zetu kwa macho tu, akiwa amesimama mbali, kisha akaanza kutia saini vyeti. Cha kwangu, cha mama aliyekuwa kulia kwangu, na cha yule bwana. Nikamfuata. Nilimwita bwana, kwa adabu zangu zote. Nikamwambia huyu mtu alinielekezea silaha, na wewe hukuwa unatazama. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu, akasema: "Hakuna aliyeumia, mama. Kama unaogopa bastola, umekuja kutafuta nini hapa?"

Sikuogopa bastola. Muda wote huo bastola yangu ilikuwa kwenye ubao wa kibanda, mtutu mbele, nimeiweka chini kama tulivyofundishwa. Nilichoogopa ni mtu asiyejua anachokishika, na mwingine aliyelipwa kumtazama ambaye hamtazami. Kulichanganya hilo na woga wa kike ni dharau, tena mbele ya watu.

Na hapa ndipo tatu yangu inaposhuka, kwa sababu hili si suala la tabia mbaya peke yake. Sheria ya Illinois ya mwaka 2013 inataja watu wa aina tatu ambao mkufunzi haruhusiwi kuwapa cheti: asiyefuata maelekezo yake, anayeshika silaha kwa namna ambayo kwa maoni ya mkufunzi inahatarisha yeye au wengine, na asiyefikisha hiyo asilimia 70. Yule mama wa siku ya kwanza ndiye aliyetusomea! Sasa kama mkufunzi hatazami, hayo maoni yake atayatoa wapi? Tena anatakiwa kutunza kumbukumbu za kila mwanafunzi kwa miaka 5. Ningependa sana kuona ya yule bwana imeandikwa nini.

Wala simchukii yule bwana. Alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya ageuke. Alihitaji mtu wa kumwambia, leo basi, rudi wiki ijayo tukufundishe tena. Badala yake amepewa karatasi, atalipa dola zake 150, na leseni ikitoka ni ya miaka 5. Kesho nitasimama naye foleni dukani, bastola yake kiunoni chini ya koti, na mimi nimebeba mwanangu.

Ndugu yangu wa Texas ananiambia ninajisumbua, kwao tangu Septemba 2021 mtu mzima aliyetimiza 21 na asiye na kizuizi cha kisheria anabeba bila leseni yoyote. Sawa. Lakini hata huko, anayeitaka leseni bado anapiga risasi 50 mbele ya mkufunzi. Sitaki kusema kupiga risasi 30 kunamfanya mtu kuwa salama, hakumfanyi. Sehemu kubwa ya zile saa 16 tumekaa kwenye viti, lakini dakika zile chache uwanjani ndizo pekee ambazo mtu mwingine anaweza kuyaona mazoea yako yakiwa na risasi ndani. Ukiziharibu hizo kwa kuangalia simu, darasa zima limegeuka kuwa kuuza vyeti.

Nyota mbili basi. Hapana, moja. Nikikumbuka ile "umekuja kutafuta nini" hata hiyo moja naitoa kwa ajili ya kijana wa ufagio.

Mkitaka kwenda, msiulize bei kwanza. Ulizeni mkufunzi mmoja wa uwanjani anasimamia watu wangapi kwa wakati mmoja, na kama mnaweza kukaa nyuma ya kioo mtazame kundi la kabla yenu. Akikataa, ondokeni na pesa zenu. Na vaeni nguo inayofunga shingo, maganda yanatoka ya moto na yanapenda kuingia kwenye kola.

Malalamiko nimeyapeleka Polisi wa Jimbo, kwa kuwa wao ndio wanaowaidhinisha wakufunzi, na nimeeleza kila kitu pamoja na kile kidole. Ofisi ya mafunzo nayo nimeiandikia irudishe pesa za siku ya pili. Za siku ya kwanza sizidai, yule mama alizifanyia kazi.