Shovel Knight: gemu la chepe lililonirudisha kibandani Gungu

Mteja alikuwa kaunta akisubiri kopi za cheti cha kuzaliwa, mara akashtuka: "Dada, umeme umekata!" Nikamwonyesha printa. Ilikuwa bado inatema karatasi. Kilichozima ni makaburi ya Lich Yard ndani ya Shovel Knight, ambako skrini yote inakuwa nyeusi na unaona njia pale tu radi inapopiga. Mimi nilikuwa nimeganda na padi ya kuchezea mkononi nikisubiri radi. Kigoma tumezoea giza kiasi kwamba hata gemu likizima, mtu anatafuta tochi.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Kati ya mteja na mteja, miezi miwili sasa, nacheza gemu hili. Lina zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo najua nimechelewa. Lakini sifa nilizosoma kabla ya kulinunua zimeniachia ugomvi kidogo, na nautoa hapa.

Kwanza lenyewe. Limetengenezwa Marekani na Yacht Club Games, likatoka Juni 2014. Mwaka uliotangulia walipitisha bakuli mtandaoni, wakaomba dola 75,000, wakapata 311,502. Ni kama sisi tunavyochangishana harusi, ila badala ya pilau mchangiaji anaahidiwa gemu. Shujaa ni askari mfupi aliyevaa chuma mwili mzima, pembe mbili kichwani, na silaha yake ni chepe. Chepe hilihili la kuchanganyia zege. Anamtafuta mwenzake, Shield Knight, aliyepotea kwenye mnara kwa sababu ya hirizi iliyolaaniwa, na njiani wamejipanga mabosi wanane, kila mmoja na ngome yake. Picha ni za vijisanduku kama za miaka ya themanini, muziki ni wa milio ileile, na kazi yako ni kuruka, kuchimba na kupiga.

Wahakiki walilipenda sana. Kwenye The Game Awards za 2014 likachukua tuzo ya gemu bora la kujitegemea. Na karibu kila niliyemsoma alisema jambo moja: linakurudisha utotoni, enzi za Nintendo.

Utoto wa nani? Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, ilitoka Japani mwaka 1983. Mimi nilikutana nayo Gungu, hapahapa Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tena si yenyewe, ni ile nakala ya Kichina ya plastiki nyepesi, kaseti yake imeandikwa gemu 9999 na ukizihesabu ni kama saba zinazojirudia. Kibanda kilikuwa cha mabati, televisheni ya inchi 14 juu ya kreti la soda, umeme wa zile mashine za dizeli ambazo mji mzima ulizitegemea. Kaseti haikukaa sawa mpaka mwenye kibanda achomeke kipande cha boksi la kiberiti upande wa kushoto. Ukikigusa kile kiberiti unafukuzwa. Shilingi hamsini ulipata roho tatu, yaani unaruhusiwa kufa mara tatu, zikiisha unampa padi anayefuata na unarudi nyuma ya foleni, ukiwa na hamsini nyingine. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani, nimemfuata kaka yangu, na roho zangu zilikuwa zile alizonionea huruma.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba gemu hili ni "kama yale ya zamani," nacheka. Yale ya zamani yalikuwa makatili, na mashine yenyewe ilikuwa inazidiwa. Haikuweza kuchora vitu zaidi ya vinane kwenye mstari mmoja wa skrini, kwa hiyo vikijaa, vinaanza kupepesa na kupotea. Kwenye gemu la Contra risasi ilikuwa inatoweka kabisa halafu inakuua. Tulikuwa tunasema risasi imeingia ndani ya tivii. Shovel Knight halipepesi hata kidogo. Skrini yake ni pana, mandhari ya nyuma yanateleza taratibu nyuma ya mengine, na wachoraji wameongeza rangi chache ambazo mashine ile haikuwa nazo. Hii ni zamani iliyofuliwa ikapigwa pasi. Wala silaumu, nguo iliyopigwa pasi inapendeza. Ila tusiambiane kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Muziki ndio uliobaki karibu zaidi na asili. Jake Kaufman aliutunga kwa kufuata uwezo wa chipu ya sauti ya ile mashine, akiongezea sauti za VRC6, chipu ambayo kampuni ya Konami iliiweka ndani ya baadhi ya kaseti zao za Japani. Nyimbo mbili zimetoka kwa Manami Matsumae, mama aliyetunga muziki wa gemu la kwanza la Mega Man mwaka 1987. Spika zangu ni mbovu, moja inakoroma, na bado kuna wateja wanaotikisa kichwa wakisubiri kopi.

Sasa chepe. Ukiwa hewani ukibonyeza chini, askari analigeuza chini ya miguu na kudunda juu ya chochote alichokiangukia: adui, jiwe, povu. Wanaojua watakwambia limetoka kwenye gemu la DuckTales la 1989, ambako bata alidunda na mkongojo wake. Ni kweli, na watengenezaji hawakuficha. Lakini hapa limekaa mkononi kuliko lilikotoka. Ile joka ya steji ya kwanza inayotema mapovu, ukiishaelewa kwamba kila povu ni ngazi ya kukufikisha kichwani kwake, unadunda tu, du, du, du, na kila mdundo una mlio wake. Nilimpa mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi, hajawahi kuona kaseti maishani. Dakika tano alikuwa anadunda kuliko mimi. Yeye hana utoto wa kurudishwa, na amelipenda vilevile.

Kinachonifanya nilisifu kweli ni namna ya kufa. Roho hazihesabiwi. Unakufa hata mara mia na hakuna wa kukunyang'anya padi. Kinachoondoka ni pesa: sehemu ya mali uliyookota inabaki inaelea kwa mabawa, vifuko hadi vitatu, palepale ulipofia. Ukirudi ukafika, unavichukua. Ukifa tena kabla hujavifikia, basi, vimekwenda. Na wanaviacha juu ya shimo lilelile lililokumeza, uvitazame.

Halafu wameongeza mtego ambao sijawahi kuuona kwenye kaseti yoyote. Katikati ya kila steji kuna vigloba vya kioo vinavyowaka ukipita. Ukifa unaanzia hapo. Lakini unaweza kukipasua kigloba kwa chepe, kikamwaga vito na sarafu, na ukishakipasua huna tena pa kuanzia. Siku ya kwanza nilipasua vyote. Tamaa tu. Nikafia hatua chache kabla ya bosi, nikarudishwa mwanzo wa steji, na mtoto akaniambia kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Shangazi, si nilikwambia uache kimoja?" Yeye hapasui hata kimoja, ana roho ya akiba. Baba yake naye pale Gungu alikuwa hivyohivyo, anacheza roho mbili na ya tatu ananiachia mimi.

Kuna mambo hayakunifurahisha. Steji ya Flying Machine, meli inayoruka, ina upepo unaokusukuma kama nahodha asiyejua kazi, na huko mashimo ni mengi kuliko sakafu. Ugumu wa Lich Yard unaueleza kwa akili, wa huku unaueleza kwa matusi. Pili, ukikaribia mwisho pesa zinakosa kazi. Umeshanunua kila kitu, vifuko vinaelea na huvijali, na ule mtego mzuri wote unalegea wakati ambapo ungepaswa kuuma zaidi. Tatu, utani wake wote ni wa Kiingereza cha kucheza na maneno, ambacho kwa mtoto wa shule ya msingi ni kelele tu. Nilijaribu kumtafsiria Troupple King, mfalme ambaye nusu ni samaki na nusu ni tofaa, anayetoka bwawani na kukuchezea ngoma kabla ya kukujazia dawa kwenye kikombe. Nikaishia kumwita Mfalme Kuhe, kwa jina la samaki wetu wa Ziwa Tanganyika. Shemeji yangu anauza migebuka Kibirizi, alipita dukani akamkuta mfalme yuko katikati ya ngoma. Akatazama hadi mwisho, akauliza kilo inauzwaje.

Na kuna dakika moja iliyonibana koo, sikuitegemea. Baada ya baadhi ya mabosi, askari analala kando ya moto, na kwenye ndoto Shield Knight anaanguka kutoka juu, polepole, huku maadui wanakuja pande zote. Unapigana huku jicho moja liko juu. Mwisho unatakiwa usimame chini yake umdake. Hakuna maneno, hakuna anayekueleza. Mara ya kwanza nilichelewa kwa hatua moja.

Ukinunua sasa, tafuta toleo liitwalo Treasure Trove, maana ndani yake kuna na zile hadithi tatu zilizofuata, Plague of Shadows ya 2015, Specter of Torment ya 2017 na King of Cards ya 2019, kila moja na shujaa mwingine. Mimi ya Specter nimeimaliza na naiona bora kuliko ya chepe kwa mbio zake. Ya karata bado. Subiri punguzo la bei, huwa yanakuja. Kompyuta yangu ni ile ya mitumba ya kuchapia barua na inalibeba bila kuchemka. Usichezee kibodi, utavunja vidole na kibodi yenyewe. Tafuta padi, mbili ukiweza, maana hadithi ya chepe mnaweza kuicheza wawili.

Padi ya pili nimeinunua wiki iliyopita. Kaka anakuja Jumapili kutoka Kasulu, na mtoto ameshamwandalia foleni.